Kapasita Tatu Nyeusi

Tarehe 4 Machi

Shemeji,

Salamu. Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Tangu ufungwe, mwaka wa tatu sasa unakwisha, sijakuandikia hata mstari mmoja, na leo sitaki kujitetea. Nina shida, na shida yenyewe ni ya ufundi wako, nikaona nikaze uso niandike.

Ile kompyuta ya mezani uliyotuletea inatutesa. Ilianza kujizima. Mtu yuko katikati ya kuandika, mara kioo kinakuwa cheusi, halafu inajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea, na maneno yote yamepotea. Sasa hivi asubuhi inakataa kabisa. Nabonyeza mara tano, mara sita. Feni inazunguka kidogo, inasimama. Ikikubali, siku nyingine inakaa saa nzima, siku nyingine dakika kumi.

Nilimpelekea fundi simu wa stendi. Hata hakuifungua. Aliitazama kama mtu anayetazama maiti ya jirani, akasema, "Mama, hii ni ya makumbusho." Nikaibeba tena kichwani nikarudi nayo.

Tunaihitaji hapa nyumbani kwa kazi za kuandika. Niambie nianzie wapi, na unieleze kama mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu.

Kaka yako hajui kama nimekuandikia. Naomba ibaki hivyo.

Ni mimi,
Mama Pacha


Tarehe 19 Machi

Shemeji yangu Mama Pacha,

Barua yako imelala kwa mkaguzi siku nane kabla ya kunifikia. Nilipoona jina lako juu ya bahasha nikajua ni msiba. Nilipofika kwenye kompyuta nikacheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama nimepunguziwa kifungo.

Haya, tufanye kazi. Usikurupuke. Kompyuta ni kama mgonjwa, ukikurupuka utamkata mguu mtu anayeumwa jino.

Kwanza chomoa waya ukutani kabisa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu hadi kumi, umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu mmoja kwa bisibisi ya nyota. Pale waya wa ukutani unapoingia utaona kisanduku cha chuma chenye feni yake. Hicho ndicho pawa saplai. Usikifungue. Kinaweza kukurusha hata kikiwa kimechomolewa. Ila kama kuna mtu wa kukuazima kingine kizima, kijaribuni. Kompyuta ikiendelea na tabia ile ile, basi kosa si la kisanduku.

Halafu chukua tochi umulike ubao mkubwa uliolala ndani, ule tunaouita mazabodi. Utaona vitu vimesimama kama mikebe midogo, vina alama ya msalaba kichwani. Hizo ni kapasita. Kazi yake ni kama ya tangi la maji juu ya paa: bomba linakuja kwa mishtuko, lakini bombani jikoni unapata maji yaliyotulia. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inataka umeme uliotulia. Kapasita ikichoka, umeme unayumba, na mashine inazimia.

Tazama vichwa vyake. Kichwa kizima ni bapa kama sarafu. Kilichovimba, hata kidogo, kimekufa. Ukiona uchafu wa kahawia kama kutu, au mkebe umeinama kwa sababu kitako kimesukumwa nje, huyo amekufa zamani, anangoja kuzikwa. Niandikie ziko ngapi, ziko wapi, na rangi zake.

Na huyo kaka yangu, Redio wetu, kazi yake nini hapo nyumbani? Mpe tochi akumulikie. Aache kuhutubia angalau nusu saa. Sijui unavumiliaje, mimi nilikuwa natoroka nikiona anavuta kiti. Lakini nikuambie kweli, humu ndani kuna siku nasikiliza kama nitasikia sauti yake inapita dirishani.

Nimesahau kwamba hajui. Basi mpe tochi bila kumwambia nani kaagiza.

Shemeji yako,
Fundi


Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nitakupa kwanza habari za ubao, halafu hizo nyingine.

Fundi saa wa kona ya soko, yule mzee anayevaa kioo jichoni, ametuazima pawa saplai ya kompyuta yake ya zamani. Hali ni ile ile. Tukamulika. Kwenye ubao mzima mbovu zimekusanyika sehemu moja, karibu na feni kubwa ya katikati. Hapo zimepangwa tano. Mbili ni za kijani, vichwa bapa kabisa. Tatu ni nyeusi zenye mstari wa dhahabu. Hizo nyeusi zote zimevimba. Moja imetoa kile kitu cha kahawia na imeinama kama mlevi.

Sasa hizo habari nyingine. Kaka yako hawezi kushika tochi. Hasemi. Alipigwa na kiharusi miezi kumi na minne iliyopita, asubuhi, anavaa viatu. Upande wa kulia wote umekufa, na sauti ikaenda nayo. Kichwani yuko mzima kama wewe na mimi. Mkono wa kushoto unatetemeka, kalamu haukamati, lakini kidole kimoja kinaweza kubonyeza kitufe. Ndiyo kazi ya kompyuta hapa nyumbani. Sikukuambia kwa sababu niliona si haki yako kujua, na pia niliona aibu kwamba sikukuambia mapema. Yote mawili kwa pamoja, na usiniulize yanakaaje kichwa kimoja.

Alikuwa anaandika "maji". Anaandika "mgongo". Siku moja nimerudi kazini aliandika, "umechoka, kaa kwanza". Nilikaa nikalia, akaandika, "sikusema ulie, nimesema ukae". Unaona ni yeye yule yule.

Tangu mashine ianze kumkata maneno katikati alikuwa anaanza upya. Mara tatu, mara nne. Mwezi uliopita aliacha. Nimemwandikia herufi kwenye boksi ili anyooshe kidole, akazisukuma zikaanguka chini. Sasa amegeukia ukuta. Chakula anakula nusu. Mimi mchana nafua mashuka ya wagonjwa hospitalini, nikirudi nafua ya wa kwangu, na katikati hapo hakuna mtu wa kuniambia hata neno moja, la upendo wala la ugomvi.

Pale uliposema nimpe tochi, niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro siku mbili.

Niambie cha kufanya na hizo nyeusi.

Mama Pacha


Tarehe 20 Aprili

Shemeji,

Nimeanza barua hii mara nyingi na karatasi humu ni za kugawiwa, kwa hiyo nitaandika tu jinsi inavyokuja.

Habari za kaka zimeniacha na macho mekundu. Niliwaambia wenzangu nina mafua.

Lakini kuna jambo lazima niliseme, na nisipolisema sasa nitakuwa nimefanya mara ya pili kile kile kilichonileta humu. Lile la kompyuta za chuo nimeshalikiri mbele ya hakimu: kwamba nilizinunua nikijua ni za wizi, kwamba kaka ndiye aliyekuwa karani wa stoo ya chuo na lawama zote zikamwangukia yeye, na kwamba nilinyamaza miezi mitano wakati wanamhoji, mpaka wakamwachisha kazi. Hilo unalijua, umelipika na kulila.

Hili hulijui. Kapasita nyeusi zenye mstari wa dhahabu nazijua. Niliziweka mimi. Mnakumbuka miaka sita iliyopita mashine ilizimika, nikaichukua nikairudisha baada ya siku mbili? Duka la vifaa lilikuwa mbali na nilikuwa na uvivu. Nikang'oa tatu kwenye redio mbovu iliyokuwa chini ya meza. Zilikuwa zimeshatumika, na hata zingekuwa mpya hazikutengenezwa kukaa jirani na joto la prosesa. Nikamwambia kaka ni mpya. Akanishukuru. Akawasifia watu ufundi wangu.

Zile mbili za kijani ni za kiwandani. Umeona mwenyewe, bado ziko bapa.

Kwa hiyo aliyemkata kaka maneno ni mimi. Sina namna ya kulipamba.

Sasa kazi. Fundi saa anaweza, mkono wake umetulia kuliko wa mafundi wengi. Aagize kapasita za mazabodi, mpya, zenye namba hizi ubavuni: 1500 na 6.3V. Ile 1500 isibadilike. Volti zinaweza kuzidi, zisipungue. Ziwe zimeandikwa nyuzi joto 105, si 85. Nunueni sita, si tatu, maana mkono wa kwanza hukosea. Apashe moto risasi ya zamani inayoshika miguu ya kapasita, pande zote mbili, aitingishe kapasita polepole mpaka itoke. Asivute kwa nguvu, atang'oa njia za shaba kwenye ubao, na hapo hata mimi sitaweza kitu.

La mwisho na la hatari kuliko yote: kapasita ina upande. Ukiigeuza italipuka. Nimechora hapa chini jinsi ya kuiweka. Afuate mchoro.

Ukimwambia kaka au usipomwambia, ni juu yako.

Fundi


Tarehe 11 Mei

Shemeji,

Barua yako imefika na dirisha. Mahali pa mchoro pamekatwa kwa wembe, mraba mzuri kabisa, naona kidole changu upande wa pili. Nimeshukuru walau hawakukata maneno.

Fundi saa alisema tungoje uandike tena. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilihesabu: barua kwenda, kulala kwa mkaguzi, kurudi, ni mwezi mwingine wa kutazama mgongo wa mtu. Nikamwambia, "Baba, weka tu, Mungu atatusaidia." Akaniangalia juu ya kioo chake akasema, "Mungu hajui upande gani ni hasi, mama." Lakini akaweka.

Mbili alibahatisha sawa. Ya tatu ililia kama bastola. Moshi, na harufu ya samaki aliyeoza kwenye duka la watu. Mteja mmoja alikimbia akaacha saa yake. Mzee akafuta kioo chake, akasema, "Sasa tunajua." Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kuhusu ulichokiri. Nilisoma nikiwa kwenye foleni ya sabuni kazini, na nilipomaliza nilikuwa nimepitwa na zamu yangu. Nilitaka nikuandikie maneno makali. Nimeyatunga barabarani, nimeyatunga nikikamua mashuka. Lakini nikikaa na kalamu hayaji. Nimechoka, shemeji. Nimechoka mpaka hasira yangu nayo imekaa chini.

Niseme hili tu. Mtu yule alikutetea mbele ya mama yake, mbele ya majirani, mbele yangu. Nilipokuwa nasema fundi huyu mdogo wako ana mikono miwili na ndimi mbili, aliniambia nikome. Na wewe hukupata nafasi ya kwenda dukani.

Sijamwambia. Aliyegeukia ukuta utamwambia nini.

Andika kwa maneno, usichore.

Mama Pacha


Tarehe 27 Mei

Mama Pacha,

Kosa la dirisha si lako wala si la fundi saa. Mkaguzi aliona mkebe wenye waya mbili na chini yake neno "italipuka", akadhani natuma somo la bomu. Nimeitwa ofisini, nimesimama dakika arobaini nikieleza kapasita ni nini kwa watu wanne wenye funguo. Mwishoni mkubwa wao akasema, "Kumbe tivii yangu ndiyo inaumwa hiyo." Barua hii ameahidi itapita siku hiyo hiyo.

Kwa maneno, basi. Kwenye mwili wa kapasita kuna mstari mmoja mpana unaoshuka kutoka kichwani hadi chini. Upande wa mstari ni hasi. Mguu wa upande huo ndio mfupi. Kwenye ubao, kila kapasita ina duara lake, na nusu ya duara imepakwa rangi nyeupe. Kwenye mbao nyingi, nusu iliyopakwa ni ya hasi. Lakini kuna viwanda vinapaka kinyume, ndiyo maana sitaki muniamini mimi. Zitazameni zile mbili za kijani. Hizo hazijaguswa na mtu. Mstari wake umeelekea wapi, kwenye nusu nyeupe au nusu tupu? Hizo tatu mzifanye vivyo hivyo. Muulizeni aliyewekwa vizuri, msimuulize aliyeweka vibaya.

Kabla ya kuwasha, asafishe pale ilipolipuka kwa spiriti na mswaki, atazame kama njia za shaba ni nzima. Mkiwasha, asimame mtu mmoja kwenye swichi ya ukutani. Feni ikizunguka na ikaendelea kuzunguka, msishangilie. Iacheni saa tatu. Usikurupuke, shemeji.

Maneno makali yakija, yatume. Nitayasoma yote. Nafasi ninayo.

Fundi


Tarehe 16 Juni

Shemeji,

Imewaka.

Ilikuwa Jumanne saa nane mchana, dukani kwa fundi saa, mimi nimeshika swichi ya ukutani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Mstari wa zile za kijani uliangalia nusu tupu, si nusu nyeupe. Ni vile viwanda ulivyosema. Mzee akazipanga zote upande ule, akabonyeza. Feni ikazunguka. Tukangoja isimame. Haikusimama. Tukakaa saa tatu tunaitazama mashine inayofanya kazi, yeye anakaza skrubu ndogo za saa, mimi natazama tu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa saa tatu.

Nilipofika nayo nyumbani na kuiunganisha, kaka yako hakugeuka. Nikaiwasha. Aliposikia ule mlio wake wa kuanza, bega likasogea. Nikamwinua, nikamweka kitini, nikampa kibodi. Aliweka kidole, akakiondoa. Alikuwa anaogopa itamkata tena. Nikamwambia, "Andika, nimekaa hapa." Akaandika, "nani kaitengeneza". Nikasema fundi saa. Akaandika, "na aliyemfundisha". Nikasema fundi mmoja huko mbali. Akachukua muda mrefu, nikadhani amechoka. Akaandika, "tangu machi umeniambia usikurupuke mara nne. hilo si neno lako."

Basi nikakaa kitandani nikamweleza yote, na za kapasita nyeusi pia, maana nilichoka kubeba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniashiria niende jikoni.

Ameandika siku tatu. Nikipita anafunika kioo kwa kitambaa, kama mwanafunzi anayeficha majibu. Jana akaniambia nikachapishe steshenari, na nisisome. Yule dada wa steshenari ameikunja mwenyewe akabandika gundi mbele yangu. Iko ndani ya bahasha hii. Sijui amekuandikia nini, na hiyo nayo imeniuma kidogo, lakini jana usiku alikula sahani nzima.

Mama Pacha


tarehe 15 juni

mdogo wangu,

nisamehe kukosa herufi kubwa. kidole kimoja hakiwezi kubonyeza vitufe viwili.

habari ya kapasita nimeisikia. nilijua. siku uliyoirudisha ulisema ni mpya mara tatu na hakuna aliyekuuliza. nikawasifia watu ufundi wako ili uone haya urudi kuzibadilisha. hukuona haya.

sasa kuna kitu wewe hukijui, hata mama pacha hakijui. zile kompyuta za chuo. nilijua wiki ya kwanza. nilikuja karakana hukuwepo. nikainua turubai. namba ya stoo ilikuwa imekwanguliwa nusu, na ile nusu iliyobaki ni mwandiko wangu. nikafunika nikaondoka. waliponiita kunihoji nikasema sijui. waliponiita tena nikasema sijui. mtu wa maneno kama mimi.

sikukasirika kwa sababu ya kazi. karani wa stoo ni kazi ya kuhesabu viti. nilikasirika kwa kungoja. kila jioni ya miezi ile mitano ulikuja hapa, ukala, ukauliza nina hali gani, na kila jioni nilisema moyoni, leo atasema. ukinawa mikono ukiondoka nilikuwa nakusindikiza hadi njia kuu ili upate nafasi. ulikuwa unaongea habari za mpira.

na siku ulipoamua kusema, ulikwenda polisi. kwangu hukupita.

ndiyo nikaapa sitakusemesha. halafu nikapigwa na hii, na kiapo kikaendelea chenyewe bila mimi kukishika. nimelala hapa mwaka mzima nikitaka kukutukana na sina mdomo. ulipoharibika ubao nikasema basi, hata hilo limekwenda.

sijui kama nimekusamehe. nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena nikalifuta. mashine haikuzima, kwa hiyo ni mimi mwenyewe niliyefuta. ujue hivyo.

mama pacha ana barua yenu ya gereza yenye siku za wageni. jumamosi ya kwanza ya julai. atapata ruhusa kazini, nimemwomba, amekubali bila kujua ni ya nini. fundi saa ana shemeji mwenye gari la mizigo. langoni kuna ngazi, waambie wenye funguo watanibeba na kiti.

dakika ni ishirini. mimi sitasema kitu na wewe usizijaze kwa kuomba radhi. mama pacha ana ya kwake ya kukuambia, muache amalize. kisha niambie kwa mdomo wako lile la miezi mitano, kuanzia siku ya kwanza, kama ungeniambia jioni ile.

uwe umeshakaa kwenye benchi tukifika. safari hii nisikungoje mimi.

kaka yako